Somoe na Majina ya Watoto wa Matambarale

Enzi zetu pale Nachingwea umeme ulikuwa kama mgeni wa heshima: unakuja bila taarifa, unakaa kidogo, na ukishaondoka hakuna anayethubutu kuuliza utarudi lini. Najua wenye mvi wakinisikia nasema "enzi zetu" watacheka mpaka wakohoe. Na wacheke. Sisi tulioanza darasa la kwanza wakati simu ya mkononi ilikuwa moja mtaa mzima, na mwenyewe anaivaa kiunoni kama askari na bastola, nasi tuna haki ya kuwa na enzi zetu. Tumezeeka mapema, basi. Wadogo zetu wamehakikisha hilo.

Nakumbuka tukitoka shule tunatupa madaftari mlangoni na kwenda moja kwa moja jikoni kuchungulia sufuria. Ukikuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, imechemshwa, unaitia mfukoni ikiwa ya moto, inakuunguza paja huku unakimbilia kucheza rede. Msimu wa mabibo ndiyo usiseme. Sare ya shule ilikuwa nyeupe mwezi wa kwanza peke yake. Mabibo yakishaiva tulivaa madoa mpaka shule inafungwa, na hakuna sabuni iliyowahi kushinda vita hiyo. Watoto wa siku hizi wanakunywa juisi ya boksi kwa mrija na kulalamika kwamba haina baridi. Mungu awape nguvu, wanapitia mengi.

Ila wenzetu wakiwa kwenye kombolela mpaka jua linazama, sisi watoto wa fundi Hamisi tulikuwa na majukumu mazito zaidi. Sisi tulikuwa bendi.

Baba alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Kwa maoni yake ufundi baiskeli ulikuwa shughuli ndogo ya kupitishia muda wakati anasubiri dunia imgundue. Gita alilichonga mwenyewe, na nyuzi alizitoa kwenye waya wa breki. Waya wa breki una nyuzi nyembamba nyingi ndani. Ukiufumua kwa subira unapata za kila sauti. Sitaki kusema zilikuwa breki za nani. Ninachojua ni kwamba miaka ile baiskeli nyingi za Nachingwea ziliteremka milima kwa kusimamishwa na soli za viatu, na wenyewe hawakujua kwamba wanachangia sanaa.

Kaka Shaibu alipiga ngoma. Mama alitikisa manyanga, na alitikisa kichwa pia, hasa Baba akianza kuimba. Mimi, Mwajuma, niliitikia. Tulikuwa na betri ya gari, amplifaya moja yenye tabia zake, na spika ya mdomo mpana kama ile ya msikitini. Kwenye ngoma kubwa Baba aliandika "Hamisi na Wanawe Jazz" kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo. Mama alilalamika kwamba yeye si mwana wa Hamisi. Baba akamwambia rangi imekwisha.

Na alikuwepo dada yangu mkubwa, Somoe. Mwanzoni Somoe hakuwa mwimbaji, alikuwa mbebaji wa betri. Mwimbaji alikuwa Baba, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliokwishaibiwa.

Kazi zetu nyingi zilikuwa za mwezi wa sita na wa saba, mavuno yakiwa ndani na watoto wakitoka jandoni na unyagoni. Kwetu mtoto akiingia huko analiacha jina lake la utotoni, anatoka na jina jipya. Siku ya kutoka wanakalishwa kwenye mkeka wote, wamefunikwa kanga kichwani. Mama wa mtoto anamfuata mwimbaji, anamnong'oneza jina jipya, jina la babu na la ukoo. Mwimbaji analiimba. Hapo ndipo kanga inafunuliwa, mama anaingia kucheza, na watu wote wanajua huyu sasa anaitwa nani. Mpaka jina liimbwe mtoto hafunuliwi, hasemi, hali, na nyumbani haendi.

Sasa mpe kazi hiyo mtu kama Baba, ambaye alikuwa anatuita majina ya shangazi zake wote kabla hajafika kwenye la kwako. Siku moja, kijijini Chinongwe, mama mmoja alimnong'oneza jina la binti yake vizuri kabisa, Baba akaitikia kwa kichwa, akasogea kwenye maiki, na jina likawa limeondoka. Akaimba, "Mtoto huyu ni mzuri sana." Yule mama hakucheza. Baba akarudia, "Ni mzuri, mzuri mno." Yule mama akashika kiuno. Binti kule chini ya kanga alikuwa anasubiri kuwa mtu. Ndipo Somoe, aliyekuwa amesimama karibu na betri na kusikia kila kitu, akamvuta Baba shati, akachukua maiki, akaliimba lile jina.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Wanawake waliokuwa wanasonga ugali nyuma ya nyumba walitoka na miiko mikononi. Baba alisimama na gita lake akimwangalia mwanawe, kisha akawageukia watu kwa tabasamu kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu asubuhi. Kuanzia siku hiyo alituambia kila wakati, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Nasi tulimwachia hilo. Alikuwa na vitu vichache.

Somoe alizaliwa mjini na aliota ndoto kwa Kiswahili cha shule. Kimwera, lugha ya wazee wetu, alikijua cha kununulia chumvi tu. Nyimbo za zamani alizipokea kutoka kwa Baba, neno kwa neno, na kuziimba kama alivyopewa. Bibi vizee walikuwa wanalia mpaka wanakaa chini. Njiani kurudi, sisi juu ya baiskeli na vyombo juu yetu, Somoe anauliza, "Baba, pale bibi mmoja alipolia nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema, mama akishakufa nani atanifungia mwanangu mgongoni."

Siku inayofuata Somoe anauimba tena wimbo ule, na safari hii analia na yeye.

Mwalimu wa kwaya pale parokiani alimtaka. Mwalimu wa madrasa alimtaka kwa kaswida. Hawa wawili, ambao kwa kawaida walisalimiana kwa mbali, walikubaliana jambo moja tu maishani mwao, kwamba kipaji cha Somoe kinapotea kwa kukaa na Hamisi.

Mwenyewe alitaka kitu kingine. Tukiwa tunafagia uwanja alikuwa anashika mpini wa ufagio na kuniambia, "Mwaju, siku moja nitaimba halafu sauti itoke redioni Nachingwea, Lindi na Dar kwa wakati mmoja. Bibi yetu akiwa kijijini Nandagala ananisikia, na mimi sipo." Nilimuuliza atakuwa wapi. Akasema studio, kwa heshima ile watu wengine wanayosemea peponi. Nilimwamini. Hata leo mimi ni mtu wa kuamini mambo ya namna hiyo, ndiyo maana maendeleo yangu mnayaona.

Basi kuna kijana akamrekodi kwa simu, wimbo ukaingia stendi ya Ruangwa kwa wale waliokuwa wanawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Kutoka hapo ukasafiri na madereva wa malori ya ufuta, na siku moja, tukiwa Matambarale kwenye shughuli ya kutoa watoto, likaja gari kutoka Dar. Akashuka bwana mwenye miwani myeusi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Matambarale, mwezi wa saba. Vumbi lilimkaribisha kwa mikono miwili. Alijitambulisha kwa jina la Meneja. Jina alilopewa na mama yake hakulitaja.

Alimsikiliza Somoe akiimba majina mawili matatu. Kisha akamvuta Baba pembeni na kumwambia sauti hii inaozea huku. Studio iko tayari, kesho asubuhi wanarekodi, kwa hiyo wanaondoka sasa hivi.

"Tukusanye vyombo?" Baba akauliza. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu kabla hatujazaliwa.

"Hapana, mzee. Binti peke yake. Bendi tutaangalia baadaye."

Baba aliinamia gita na kuanza kukaza uzi ambao haukuwa umelegea. Dunia aliyokuwa anaisubiri ilikuwa imefika, imepaki chini ya mkorosho, na imemgundua mtu mwingine. Aliukaza ule uzi kwa muda. Halafu akasema, "Aende."

Mama akamfungia Somoe nguo zake kwenye kanga. Lakini kwenye mkeka watoto wengine walikuwa bado wamefunikwa, na mama zao walikuwa wanamwangalia Baba jinsi mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyetoka kilabuni.

Hapo ndipo walipoingia watani. Sisi Wamwera na Wayao ni watani, na shughuli isiyo na mtani ni kama haijafanyika. Aliyewaongoza alikuwa Bibi Asumini, muuza tumbaku, mama mtu mzima aliyekuwa hajawahi kutuita kwa majina yetu hata siku moja. Aliona mzigo, akaona gari, akapanda juu ya boneti na kukaa. Wenzake wawili wakalala mbele ya magurudumu. Mwingine akampokonya Meneja miwani, akamrushia Bibi Asumini, naye akaivaa.

"Wewe mwenye viatu vya bwana harusi," akasema, "unampeleka wapi mtumwa wetu? Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi. Chumvi yetu iko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Somoe mwenyewe alicheka. Kila mtu alimgeukia Meneja kusikia atamjibu nini, maana utani ni wa kujibizana. Ukipigwa, unapiga, wanaridhika, wanakupisha, wengine wanakusukumia na gari.

Meneja aliingia garini akapandisha kioo.

Baba akamkimbilia, akamgongea. "Watukane, bwana mkubwa. Watukane kidogo tu, watatoka."

Kioo kikashuka nusu. "Nimtukane mama mtu mzima?"

"Ndiyo, ndiyo heshima yenyewe. Mwambie mdomo wake kama mfuko wa tumbaku."

"Mzee, hawa wahuni wamekaa juu ya gari na wanazungumzia kununua watu. Mimi napiga simu polisi."

Ukweli ni kwamba hata kwao, popote walikomzaa, ana watani wake. Nadhani alishawasamehe, kama wanavyosamehewa ndugu wa kijijini mtu akishanunua gari. Alitoa simu kweli. Vicheko vikakauka. Bibi Asumini akateremka kwenye boneti taratibu, akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga yake na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Tusamehe, mwanangu. Tulikuwa tunatania."

Wale waliolala wakainuka, wakajipangusa, wakapisha. Kumwona mtani anaomba msamaha ni kama kumwona mwalimu mkuu analia. Hujui uangalie wapi. Njia ikawa nyeupe mpaka barabarani.

"Panda," Meneja akamwambia Somoe.

Somoe alishika mlango wa gari. Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayekumbusha maji jikoni, "Watoto wako juani."

Somoe akageuka. "Naomba nimalizie hawa. Si wengi."

"Dada, mimi nimeshapotezewa muda wa kutosha. Baba yako si yupo? Aimbe yeye."

Somoe akamwangalia Baba. Baba, ambaye hakuwahi kukiri udhaifu wowote mbele ya hadhira, ambaye alisema kikohozi chake ni staili, akaangalia zile nyuzi zake za breki.

"Nitayasahau," akasema. "Nitayasahau, mwanangu. Lakini wewe nenda."

Sijui dada yangu aliwaza nini. Mimi niliwaza aende, nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kujiona mdogo wa mtu maarufu. Yeye aliuachia mlango, akaurudisha mzigo kwa Mama, akaenda mpaka kwenye mkeka na kumwinamia mama wa kwanza ampe jina.

Gari lilirudi nyuma kwa hasira, likakanyaga mihogo ya watu, likaondoka. Jina la kwanza Somoe alilianza chini mno, ikabidi alianze upya. La pili likatoka. Kufikia la tatu wale Wayao walikuwa wanacheza kuliko mama wenyewe, wanacheza kwa bidii ya watu wanaotaka jambo lao lisahauliwe.

Kesho yake Bibi Asumini alikuja Nachingwea na kuku mkononi. "Tumekula bahati ya mtani," akasema mlangoni, bila hodi. "Tumeleta malipo."

Somoe alikuwa amevimba macho. Alimtazama yule kuku. "Mimi mzima mzima thamani yangu kuku mmoja?"

"Nusu kuku," Bibi Asumini akajibu. "Tukishampika, nusu nyingine ni yetu."

Somoe akacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, na Bibi Asumini akakaa naye jikoni wakamnyonyoa pamoja. Meneja hakurudi. Redioni dada yangu hakusikika.

Aliimba miaka mingi Nachingwea na Ruangwa yote. Waliokuwa wanamwalika kwenye harusi walimwita msanii wetu, kwa sauti ile ya kumpa mtu cheo badala ya chakula. Shaibu alipata kazi ya ulinzi akaenda zake. Vidole vya Baba viligoma. Bado anakaa kibandani kwake, lakini baiskeli zimeisha, na anazitazama pikipiki kwa dharau kwa sababu breki zake hazina kitu cha maana ndani.

Na sasa tumeendelea. Lami imefika, mnara wa simu unaonekana kutoka kila uwanja, na wadogo zetu wamegundua kwamba bendi nzima inaingia kwenye spika moja yenye taa za rangi. Kutoa watoto siku hizi ni raha tupu. Mama hamnong'onezi mtu, anatuma jina kwa meseji. DJ analisoma kati ya tangazo la duka na wimbo wa Dar, analikosea, anasema "mambo yote", na kanga imeshafunuliwa zamani kwa sababu mpiga picha alikuwa na haraka. Enzi zetu mtoto alikaa juani akisubiri jina. Leo anasubiri picha yake ipostiwe, na ikipata sifa kidogo analia. Nani aseme hatupigi hatua.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu, huko Nandagala kwa wazee wetu. Kamati ilishakodi DJ. Mimi nikamwomba Somoe aje kuimba jina moja tu, la mpwa wake. Siku hizi anauza maandazi Ruangwa, na sauti yake imeshuka, inatokea kifuani. Alikuja na nguo zake za kawaida. DJ alikuwa kijana mwenye adabu, akasema, "Sawa aunti, nakupa dakika moja hapo," akazima muziki na kumpa maiki kama mtu anavyompa mtoto simu achezee.

Nilimfuata dada yangu, nikamnong'oneza. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akafumba macho, akaimba, na mimi niliyewacheka mama wa watu utoto wangu wote kwa kulia badala ya kucheza, nilisimama pale kama mti.

Dakika ikaisha. DJ akapokea maiki, akawasha spika, na watoto wengine wote wakafunuliwa kwa mpigo mmoja bila majina yao kuimbwa, maana ratiba ilikuwa imebana. Nikamtafuta Somoe tuondoke tukale. Nikamkuta amepiga magoti mkekani, mbele ya binti mmoja mwenye poda usoni. Alikuwa anamuuliza jina. Yule mtoto akamwambia sikioni, na Somoe naye akamwimbia sikioni, muziki ukiunguruma juu yao, kisha akasogea kwa magoti mpaka kwa anayefuata.